Shangazi wa Sumaku Mbili

Tarehe thelathini ya mwezi huu, ofisi ya kwanza kushoto ukiingia Kituo cha Mwangwi wa Sumaku itabadilisha mwenyewe. Mtaalamu Mkuu wetu wa Mitambo anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi, yote katika jengo hilihili, na sehemu kubwa ya miaka hiyo katika chumba cha chini kisicho na dirisha. Katika muda huo cheo chake kimebadilika mara kadhaa, lakini jina halikubadilika. Wanafunzi, maprofesa, walinzi wa geti na hata wakubwa wa ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo humwita Shangazi, na wengine wetu hupata shida kulikumbuka jina lililoandikwa mlangoni kwake.

Wasomaji wa idara nyingine wamekuwa wakituuliza tunafanya nini kule chini. Mwandishi wa maneno haya ni katibu muhtasi wa kituo, si mwanasayansi, kwa hiyo atatumia jibu la Shangazi mwenyewe: tunaita mahudhurio. Molekuli za uhai, kama zile protini za damuni, za majani na za hamira, ni ndogo mno kwa darubini ya kawaida. Basi huyeyushwa katika maji, hutiwa ndani ya kijibomba cha kioo chembamba kama kalamu, na kushushwa hadi katikati ya sumaku yenye nguvu. Humo huitwa kwa mawimbi ya redio, na kila atomi huitika kwa sauti yake, kulingana na majirani iliokaa nao. Ukisikiliza kwa subira utajua nani amekaa karibu na nani, na mwisho utalichora umbo zima bila kuliona. Shangazi huwaambia wanafunzi wapya wamfikirie mwalimu asiyeona ambaye analijua darasa lake lote kwa sauti.

Sumaku zenyewe ni mapipa ya chuma yaliyosimama kwa miguu, marefu kuliko mtu. Ndani mna waya uliozungushwa na kuzamishwa katika heliamu ya kimiminika, iliyo baridi kuliko barafu yoyote uliyowahi kuishika. Baridi ikiwapo, umeme uliotiwa siku ya kwanza huzunguka humo mwaka baada ya mwaka bila kupungua. Baridi ikipotea, waya hupata joto, umeme wote hugeuka joto, na heliamu huchemka kwa mkupuo mmoja na kutoka kwa bomba la darini ikinguruma. Sisi husema sumaku imezimia. Kwa kifupi, Shangazi ameajiriwa miaka yote hii ili asizimie mtu.

Alikuja kituoni akiwa na shahada ya kwanza ya kemia, barua ya kuitwa kwenye usaili, na viatu vya dada yake. Usaili ulifanyika chumba cha chini kwa sababu ofisi zilikuwa bado zinapakwa rangi. Sumaku ya kwanza, ambayo leo tunaiita Mzee, ilikuwa imesimamishwa majuma machache tu kabla. Viatu vya dada vilikuwa na chuma kwenye visigino. Alipopiga hatua mbili ndani ya mstari uliochorwa sakafuni alihisi miguu ikivutwa kando, akadhani ni woga. Mkurugenzi wa wakati ule, aliyekuwa bado kijana na aliyeisimamia sumaku hiyo tangu ikiwa kwenye makasha, alimwomba avivue. Msichana yule akajibu maswali yote miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji, na kazi akapata. Dada yake alivipata viatu vyake salama, ila anasema hadi leo kwamba havikuwahi kutembea sawa tena.

Jina la Shangazi lilikuja baadaye kidogo. Mwanafunzi mmoja alikamatwa mlangoni akitaka kuingia na bisibisi mfukoni. Alipata somo refu kiasi kwamba alipotoka aliwaambia wenzake amekutana na shangazi yake kazini, dada wa baba kabisa, yule anayekugombeza kwanza halafu anauliza kama umekula. Jina likaenea chuo kizima. Mume wake, mwalimu wa hisabati wa sekondari ambaye sote tunamwita Mwalimu, alipoanza kuja kumchukua jioni, wanafunzi wakaona heshima ni kumwita Mjomba. Mwalimu aliwaweka chini na kuwaeleza kwamba hesabu haikubali. Shangazi ni dada wa baba na mjomba ni kaka wa mama. Basi, akasema, kama mnasema kweli, sisi wawili ndio tuliowakutanisha wazazi wenu, na hakuna aliyetushukuru.

Mwalimu huyohuyo ana msemo kwamba alioa mke mwenye mume mwingine, wa chuma, mnene, asiyezungumza, na ambaye chakula chake ni baridi. Anausema kwa kicheko, lakini wanaolijua jengo hili wanajua haukuwa utani mtupu. Sumaku hunyweshwa kila juma naitrojeni ya kimiminika, inayoikinga heliamu isichemke haraka, haijui sikukuu wala msiba. Binti zao wawili walijifunza kusoma wakiwa wamekaa kwenye benchi la korido yetu, mgongo ukutani, wakisubiri mama amalize kumnywesha Mzee.

Bibi Harusi aliwasili Shangazi akiwa amekwisha kuwa mkuu wa chumba cha chini. Ni sumaku kubwa zaidi, yenye nguvu karibu maradufu ya Mzee. Ililetwa ikiwa imefunikwa turubai jeupe kutoka juu hadi chini, na ikakataa kupita mlangoni, ikabidi ukuta ubomolewe. Siku ya kuizindua, watu wa itifaki walifika na mgeni rasmi, utepe, na mkasi mkubwa unaong'aa uliolazwa juu ya mto wa mahameli. Shangazi aliuona mkasi ule ukiwa bado kwenye ngazi. Aliwasimamisha wote, mgeni rasmi akiwemo, akawaeleza kwa adabu kwamba mkasi huo ukivuka mstari utaruka wenyewe, na hakuna anayejua utapita kwa nani. Afisa itifaki alijaribu kumkumbusha mgeni ni nani. Shangazi akajibu kwamba anajua, ila sumaku haina macho ya kuona cheo. Kisha aliufungua utepe, akaufunga upya kwa fundo legevu, na mgeni rasmi akauvuta kwa mkono kama anayefungua zawadi. Picha ile ilipendeza kuliko zote za uzinduzi chuoni mwaka huo. Mkasi ulirudi ulikotoka bila kukata kitu.

Sasa tufike kwenye mwaka ambao kila aliyekuwepo huutaja anapomtaja Shangazi.

Heliamu hatuichimbi wenyewe. Huletwa kutoka mbali kwa mitungi. Mwaka ule iliadimika duniani. Viwanda vikubwa vilichukua iliyokuwepo, na vituo kama chetu vikaambiwa visubiri. Mitungi iliyokuwa katika bohari ingetosha kumvusha salama mmoja kati ya Mzee na Bibi Harusi. Kwa wawili, kila mmoja angepewa nusu na kukaa kwenye ukingo wa kuzimia, huku sisi tukiomba meli isichelewe.

Mkurugenzi alitaka wawili. Haikuwa kiburi tu. Mzee alikuwa kazi ya ujana wake, na alijua, kama sisi tulivyojua, kwamba sumaku ya umri ule ikizimwa watengenezaji hawatoi ahadi kwamba itawaka tena. Kamati ilikaa asubuhi nzima. Profesa mmoja baada ya mwingine alisema tujaribu, tuwagawie, huenda bahati ikawa yetu. Mkurugenzi aliwaunga mkono, akasema asiyethubutu hapati.

Shangazi alikuwa amekaa mwisho wa meza akiwa na kikombe cha chai kilichopoa. Alisema mambo machache, na mwandishi wa maneno haya aliyanukuu kwa sababu ndiye aliyekuwa akichukua kumbukumbu.

"Mshika mbili moja humponyoka, na sisi zitatuponyoka zote mbili. Bibi Harusi akizimia atavunjika ndani, na mkumbuke nusu ya chuo inamtegemea. Mzee tukimlaza wenyewe, polepole, akiwa bado na baridi yake, atalala mzima. Mtu aliyelala anaweza kuamka."

Mkurugenzi alimuuliza kama anajua anachosema. Wengi mezani hawakulielewa swali lile. Wachache walilielewa. Shangazi, akiwa na umri ambao wenzake wanaanza kuhesabu miaka ya kustaafu, alikuwa amejiandikisha kwa shahada ya uzamivu. Alikuwa akichunguza protini ndogo ya nyasi moja ya nyikani, ambayo mbegu zake hukauka hadi mtu akadhani ni vumbi, zikakaa hivyo miaka, kisha zikapata mvua na kuota kama zilizovunwa jana. Alitaka kujua protini hiyo ina umbo gani hata ikaweza kuilinda mbegu katika ukavu wote ule. Foleni ya Bibi Harusi ilikuwa ndefu, kwa hiyo kazi yote aliifanya kwa Mzee, siku za mapumziko, wakati hakuna mwingine anayemhitaji. Alikuwa amefika zaidi ya nusu ya njia. Kumlaza Mzee kulikuwa kuulaza utafiti wake mwenyewe.

Alimjibu Mkurugenzi kwamba anajua.

Jioni ile alirudi nyumbani mapema, jambo lililomshtua Mwalimu. Mwalimu alipohojiwa kwa ajili ya wasifu huu alisimulia kwamba alikuwa mezani akisahihisha madaftari, na mkewe akakaa upande wa pili wa meza bila kuvua koti. Akamweleza yaliyotokea. Mwalimu si mtu wa sayansi ya molekuli, lakini miaka mingi alikuwa amesikia habari za nyasi ile kuliko habari za ndugu zake mwenyewe. Akauliza jambo moja tu.

"Na mbegu yako?"

"Mbegu inajua kungoja kuliko mimi," akasema.

Kisha akalia kidogo, akanawa uso, akamsaidia kujumlisha alama za kidato cha pili. Mwalimu anasema alikosea nyingi, na kwamba kuna watoto waliofaulu siku ile kwa rehema ya protini.

Kamati ilikubali siku iliyofuata. Mkurugenzi alishuka mwenyewe hadi chumba cha chini, akasimama mbele ya Mzee, kisha akamgeukia Shangazi na kusema, "Mlaze. Lakini na mimi niwepo."

Kumlaza sumaku si kubonyeza kitufe. Umeme uliozunguka humo tangu siku ya kwanza hutolewa kwa utaratibu, kidogo kidogo, kwa waya maalumu, na mkono ukiharakisha anazimia. Kazi ilichukua siku nzima. Mkurugenzi alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango kama mtu aliyeleta mgonjwa. Hakuwa amevaa tai, na wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona shingo yake. Shangazi alikaa akiitazama sindano ya kipimo cha umeme ikishuka. Sindano ilipofika sifuri, alichukua funguo zake mfukoni, akavuka nazo mstari ambao kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuvuka na chuma, akaziegemeza kwenye pipa. Hazikunata. Zilianguka sakafuni, na mlio wake uliwafanya watu wazima watazame pembeni.

Baada ya hapo ilibaki sumaku moja kwa watu waliokuwa wakigombania mbili. Aliyepanga zamu alikuwa Shangazi. Aliwaweka mbele wanafunzi ambao muda wao wa ufadhili ulikuwa unakwisha, kisha watu wa hospitali waliokuwa wakitafuta dawa mpya ya vidonda, kisha wengine. Yeye alijiweka mwisho, na zamu yake ilipofika sampuli zake zilikuwa zimeharibika. Kati ya waliowekwa mbele alikuwemo mwanafunzi mmoja wa uzamivu ambaye kituo kizima kilimwita Swali. Jina lilimfaa. Aliuliza asubuhi, akauliza mchana, aliuliza kwa nini naitrojeni inafuka moshi na kwa nini moshi ule si moshi. Aliwahi kumfuata Shangazi hadi kituo cha basi akiwa hajamaliza. Shangazi alilalamika sana, lakini hakuwahi kumwacha bila jibu. Swali alimaliza shahada yake mwaka ule ule wa dhiki, akaomba kazi hapahapa, akapewa.

Siku moja makala ilitoka katika jarida la nchi ya mbali. Watafiti wenye sumaku tatu na heliamu tele walikuwa wamelipata umbo la protini ya nyasi ile ile. Swali ndiye aliyeiona kwanza, akazunguka nayo jengo zima asijue aifiche au aitoe. Mwisho aliiweka mezani kwa Shangazi na kutoka. Shangazi aliisoma mlango ukiwa wazi, tukamwona akiisoma. Alipomaliza, aliuchana ukurasa wenye picha ya protini, utepe mdogo uliojikunja kama konokono, akaubandika ukutani juu ya sinki la kuoshea vijibomba. Upo hadi leo, umefifia.

Tulimuuliza baadaye kama anajuta. Alisema, "Nilitaka kujua ilivyokaa, sasa najua. Kwamba aliyeniambia ni mtu mwingine, hilo linaniuma kidogo siku za mvua."

Ila hakuishia kuumwa. Aliwaandikia watafiti wale kuwapongeza, akawapelekea vipimo alivyokuwa amevikusanya kwa Mzee, akisema kama vinafaa wavitumie, kama havifai wasijisumbue kujibu. Vilifaa. Wao walikuwa wamelipata umbo la protini ikiwa kwenye maji. Yeye alikuwa amekwisha kusikiliza namna inavyobadilika maji yanapopungua, na hilo ndilo lililoielezea mbegu. Makala ya pili ilitoka na jina lake likiwa la nne. Mwalimu alilisoma jina hilo kwa sauti mbele ya wageni wote waliofika nyumbani mwaka ule, kisha akawaambia wasifurahi mno, maana hata kwenye mashindano ya mbio wa nne hapewi medali. Shahada hakuipata. Alipoulizwa kama angejiandikisha upya alisema ana kazi nyingine kwanza.

Kazi hiyo tunaiona kila siku tukiinua macho. Alikuwa ameapa kwamba kituo hakitashikwa tena shingoni. Alikuwa akiwaambia wakubwa kwamba heliamu inayochemka polepole kutoka kwenye sumaku zetu inapotea angani, nasi tunaitafuta tena mwisho wa dunia, kama mtu anayemwaga maji ya mtungi kisha akarudi mtoni. Alidai mtambo wa kuikusanya. Aliudai kwenye vikao, kwenye ngazi, kwenye harusi ya binti wa Naibu Makamu Mkuu. Mwisho walichoka wakampa. Leo gesi hupanda kwa mabomba hadi kwenye mfuko mkubwa wa mpira uliolazwa darini, na kutoka hapo hubanwa na kurudishwa kuwa kimiminika. Mfuko ukijaa huonekana juu ya korido kama tumbo la mtu aliyekula akashiba, na wageni huuliza kama jengo litaruka. Shangazi huwajibu kwamba limefungwa vizuri.

Heliamu ilipokuwa si tatizo tena, akasema sasa tumwamshe Mzee. Watengenezaji walishauri auzwe kama chuma chakavu. Mkurugenzi alikuwa amestaafu, na mkurugenzi mpya alikuwa na shaka lakini si roho mbaya, akampa muda. Shangazi, Swali na mafundi wawili walimwosha, wakamkausha, wakabadilisha mipira yote ya kuzibia iliyokauka, wakampoza kwa naitrojeni na kisha kwa heliamu, majuma kwa majuma. Siku ya kumtia umeme tulikusanyika nje ya mlango wa kioo wa chumba cha chini. Sindano ilipanda vizuri hadi zaidi ya nusu, kisha ukasikika mkoromo, na Mzee akazimia. Ngurumo ilitikisa vikombe ofisini kwangu. Wingu jeupe lilijaa, king'ora kikalia, wote tukakimbilia uwanjani kama tulivyofundishwa. Swali alikuwa akilia. Shangazi alihesabu watu, akahakikisha wote tumo, kisha akasema kwamba hiyo ni habari njema, kwa sababu maiti haikoromi. Tulicheka hadi walinzi wakaja kuuliza kuna nini.

Mara ya pili walikwenda taratibu zaidi, na sindano ikafika ilipotakiwa, ikatulia. Waliteremsha kijibomba chenye maji matupu, wakaita, na kwenye skrini ukasimama mstari mmoja mrefu, mwembamba na ulionyooka. Shangazi alienda kwenye simu ya ofisini kwangu, kwa kuwa simu za mkononi haziingii kule, akampigia mkurugenzi wa zamani nyumbani kwake. Nilimsikia akimwambia, "Mzee ameamka. Tumemwita kwa maji, ameitika." Shangazi hakumharakisha. Alisimama pale na simu sikioni, akitabasamu ukutani, hadi yule bwana alipopata sauti ya kusema asante.

Tangu siku hiyo Mzee amekuwa sumaku ya kufundishia. Hana nguvu za Bibi Harusi, na hakuna anayemdai aandike historia. Lakini kila mwanafunzi wa kemia na wa baiolojia katika chuo hiki huita mahudhurio yake ya kwanza kwake, na idadi yao sasa ni kubwa kuliko inavyoingia katika ukumbi wetu wa mikutano. Mmoja wao ni binti mdogo wa Shangazi mwenyewe, yule wa benchini. Leo anahudumia mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili hospitalini, ambayo ni binamu wa sumaku zetu, na huwavulisha wagonjwa bangili kwa sauti ambayo wanaomjua mama yake huitambua mara moja.

Yako mengine mengi ambayo nafasi hairuhusu: vituo viwili vya vyuo jirani alivyovisaidia kusimama, mafundi aliowafunza ambao sasa ni wakuu wa mafundi, tuzo ya mfanyakazi bora ambayo alisahau kwenda kuipokea kwa sababu ilikuwa siku ya naitrojeni. Pia hatuwezi kunyamaza kuhusu uimbaji wake. Aliimba akiwa chini, akidhani kuta ni nene. Si nene.

Mwaka jana chuo kilimwomba abaki kwa mkataba baada ya kustaafu. Wengi wetu tulisaini barua ya kumsihi, na mwandishi wa maneno haya ndiye aliyeichapa. Alitushukuru, akasema atafikiri. Wakati huo Swali alikuwa amekwisha kuwa msaidizi wake kwa miaka, fundi hodari, lakini kila jambo lilipomfika alipanda ngazi mbili mbili hadi ofisi ya kwanza kushoto kuuliza, hata yale anayoyajua. Shangazi alitoa jibu lake kwenye mkutano wa wafanyakazi, Swali akiwa amekaa mstari wa mbele.

"Nikibaki, Swali ataendelea kuniuliza," alisema. "Nikiondoka, ataanza kuulizwa."

Juma lililofuata mwanafunzi mpya alisimama koridoni akiwa na kijibomba mkononi, akataka kujua kwa nini sampuli yake haiitiki. Mlango wa ofisi ya kwanza kushoto ulikuwa wazi, na Shangazi alikuwa ndani, na aliyasikia yote. Aliendelea kunywa chai yake. Swali alikuja kutoka upande wa pili, akakishika kijibomba, akakiinua kwenye mwanga, akaanza kumweleza yule kijana. Alieleza vizuri. Alieleza hata zaidi ya alichoulizwa.

Shangazi na Mwalimu wanahamia kwenye nyumba yao yenye uwanja mbele, ambako jua huingia kutoka asubuhi hadi jioni. Amesema jambo la kwanza atakalofanya ni kukaa juani bila kazi hadi mtu amwambie inatosha, na Mwalimu amesema hatamwambia. Kwa niaba ya wakurugenzi uliowahudumia, wanafunzi uliowagombeza na kuwauliza kama wamekula, mafundi, walinzi, na sisi wa ofisini tuliokusikia ukiimba, pokea shukrani zetu zote, Shangazi. Pokea pia shukrani kwa mume na binti zako, waliotuazima mama wa nyumba yao miaka yote hii na hawakutudai arudi mapema.

Tunakutakia maisha mema, marefu na yenye joto. Wote tuliopo chini na juu, tukiitwa, tunaitika.